Fastvi wa Ed na Mwana Kupona wa Pate: Maandishi ya Kale Yanatuhusu Nini?



Hapa Upplands Väsby kuna maandishi yaliyokaa nje, katika mvua na theluji, kwa miaka 900 na zaidi. Hayamo ndani ya makumbusho, hayana mlinzi wala kiingilio. Yamechongwa kwenye mawe kwa herufi za kale ziitwazo runi, na kila mpita njia anaweza kuyasogelea. Sisi tunaoishi hapa tunapanda treni asubuhi kwenda Stockholm, tunarudi jioni tumechoka, na mawe hayo tunayahesabu kuwa ni mali ya Waswidi, mambo ya Waviking, ya kuonyeshwa watalii na watoto wa shule.

Tukifungua utenzi wa zamani kutoka Pate au Lamu, hali ni ile ile. Tunasema hayo ni ya wazee, lugha yake ni ngumu, na dunia yake imekwisha. Kwa hiyo tumebaki katikati: ya wenyeji wetu tunaona si yetu, na ya kwetu tunaona yamepitwa na wakati.

Katika makala haya tunapenda kueleza kwa nini tunadhani sivyo. Maoni yetu ni kwamba andiko la kale ni la kila mwenye swali lile lile alilokuwa nalo aliyeliandika. Na swali la watu wa Ed na Runby wa karne ya 11, kama tutakavyoona, ni swali ambalo jumuiya yetu inalo sasa hivi.

Mtoto aliyekuwa ughaibuni

Kando ya njia ya zamani ya kuendea kanisa la Ed, katika manispaa yetu, lipo jiwe kubwa la asili lenye maandishi pande mbili. Wataalamu wa mambo ya kale wamelipa namba U 112; herufi U ni ya jimbo la Uppland. Uswidi ina mawe ya runi zaidi ya 2,500, na zaidi ya 1,000 yako katika jimbo hili letu peke yake. Hakuna mahali pengine duniani penye mengi kiasi hicho.

Uso mmoja wa jiwe hilo unaeleza kwamba mtu aitwaye Ragnvald aliamuru runi zichongwe kwa kumbukumbu ya mama yake, Fastvi, binti wa Onäm, aliyefia Ed. Kisha inafuata dua fupi kwa ajili ya roho yake. Uso wa pili unaeleza habari za Ragnvald mwenyewe: kwamba alikuwa Ugiriki, na kwamba huko alikuwa mkuu wa kikosi cha askari.

Ugiriki iliyotajwa hapo ni dola ya Bizanti, ambayo mji wake mkuu ulikuwa Konstantinopoli, yaani Istanbul ya leo. Tangu mwaka 988 mfalme wa huko alikuwa na kikosi cha walinzi kilichoundwa na wageni kutoka kaskazini, walioitwa Wavarangi. Vijana wa Uppland walisafiri kwa mito ya Urusi mpaka Bahari Nyeusi, wakaajiriwa na kulipwa vizuri. Mawe thelathini hivi hapa Uswidi yanataja watu waliokwenda Ugiriki, na wengi wao hawakurudi. Lugha ya vijiweni kwetu ingesema kwamba walikwenda kubeba boksi, ila boksi lao lilikuwa upanga. Ragnvald alikuwa miongoni mwa waliofanikiwa: alipata cheo katika nchi ya watu.

Sasa tutazame namna alivyoandika. Mtu huyu alikuwa na mengi ya kujisifia. Aliuona mji mkubwa kuliko yote ya Ulaya wakati ule, akaongoza askari wa mfalme. Lakini habari zake amezifupisha kuwa mambo mawili tu: alikuwa wapi, na alikuwa nani huko. Hakutaja dhahabu wala vita. Uso mzima wa jiwe amempa mama yake, tena hakumwita mama wa Ragnvald tu. Amemtaja kwa jina lake, akataja jina la baba yake, akataja na mahali alipofia. Ni nasaba kama tunavyoitaja sisi: fulani binti fulani, wa mahali fulani.

Jiwe halisemi kama Ragnvald alimkuta mama yake yu hai. Hapo ndipo wengi wetu tunapomwelewa kuliko anavyomwelewa mtalii. Ni wangapi kati yetu tumepokea simu usiku kutoka Mombasa, Tanga, Bukoba au Bujumbura, tukatafuta tiketi, tukafika mazishi yamekwisha? Mtu wa aina hiyo akisimama mbele ya jiwe la Ed hahitaji kuelezwa kwa nini mtoto aliyetoka mbali, mwenye cheo na mali, jambo aliloliona la haraka ni kuliandika jina la mama yake mahali ambapo kila anayekwenda kanisani atapita.

Mjane aliyejenga gati

Runby nako ni hapa hapa Upplands Väsby. Kuna jiwe jingine huko, namba U 114, na aliyeliagiza ni mwanamke. Jina lake ni Ingrid. Aliwapoteza watatu: mume wake Ingemar, na wanawe wawili, Dan na Banki. Andiko linasema kwamba watu hao waliishi Runby na walikuwa na shamba lao hapo, linawaombea, na linamalizia kwa kusema kwamba kazi hiyo itakuwa kumbukumbu ya watu hao maadamu binadamu wapo.

Lakini Ingrid hakuchonga jiwe tu. Andiko linasema alijenga pia gati la kupakilia na kupakulia mizigo ya vyombo. Wakati ule maji yalikuwa karibu, kwani ardhi ya sehemu hizi imekuwa ikiinuka polepole tangu barafu ya kale ilipoyeyuka, na katika miaka 1,000 imepanda kiasi cha mita 5. Palipokuwa njia ya vyombo zamani, pengi leo ni nchi kavu au kijito.

Kwa nini mjane aliyefiwa na watatu ajenge gati? Watu wa Uppland walikuwa wameingia Ukristo karibuni, na mapadre walifundisha kwamba kujenga daraja au njia inayowafaa wasafiri kulimsaidia marehemu huko alikokwenda. Msomaji wa pwani yetu haitaji maelezo marefu hapo. Ndiyo ile ile maana ya sadaka yenye kuendelea: mtu huchimba kisima, hupanda mnazi njiani au hujenga msikiti kwa ajili ya marehemu wake, na kila anayenufaika humwongezea thawabu. Ingrid angeelewana bila mkalimani na mwanamke wa Lamu aliyechimba kisima kwa jina la mumewe.

Si kila aliyechonga jiwe alikuwa mnyenyekevu. Katika eneo jirani la Täby alikuwepo bwana mmoja, Jarlabanke, aliyejijengea daraja na kujisimamishia mawe ya kumbukumbu yeye mwenyewe akiwa hai, akatangaza kwamba Täby yote ilikuwa mali yake peke yake. Watu wa namna hiyo nao tunawafahamu. Hata katika michango yetu wapo wanaotaka majina yao yasomwe kwanza.

Upande wa pwani yetu

Katika miaka ile ile mawe ya Uppland yalipokuwa yakichongwa, kusini ya Unguja kulikuwa na fundi aliyechonga jiwe la matumbawe. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kiarabu kwa hati ya Kufi yenye mapambo ya maua, na yanataja mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yenye tarehe katika pwani ya Afrika Mashariki.

Tunaweza hata kusema kwamba hati hiyo ilijulikana pande zote mbili. Mwaka 1999, huko Spillings katika kisiwa cha Gotland, ilifukuliwa hazina ya fedha yenye uzito wa kilo 67, na ndani yake mlikuwa na sarafu za nchi za Kiislamu zaidi ya 14,000, zenye maandishi ya Kufi. Mmiliki wake huenda hakuweza kusoma hata herufi moja, lakini herufi zenyewe alikuwa nazo nyumbani.

Huko kwetu mazungumzo na marehemu yaliendelea kwa njia nyingi. Tunayo makaburi ya mnara ya Kunduchi, Kaole na Malindi. Kule Gedi lipo kaburi lenye tarehe ya 802 Hijria, yaani 1399. Mapema karne ya 19 Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate alitunga Al-Inkishafi, shairi la mtu anayeusemesha moyo wake mbele ya majumba ya mababu yaliyobaki magofu. Pale walipoketi matajiri, sasa wanaishi ndege na wadudu. Jarlabanke na Al-Inkishafi ni kana kwamba wanajibizana: mmoja anasema hii yote ni yangu, na mwingine anauliza wako wapi waliokuwa wakisema hivyo.

Lakini anayemjibu Ragnvald hasa ni Mwana Kupona binti Mshamu. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana kwa miaka mingi na Seyyid Said wa Zanzibar, akafariki 1856. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, Mwana Kupona alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wa beti 102. Anamwita asogee karibu na alete wino na karatasi, kisha anampa wosia: dini, adabu, ndugu, watumishi, maskini, na zaidi ya yote mume. Mwishoni anataja jina lake, idadi ya beti na mwaka wa Hijria, 1275, kama mtu anayetia sahihi hati.

Kule Ed ni mtoto anayemwandika mama. Kule Pate ni mama anayemwandikia mtoto. Wote wawili wanaharakisha kwa sababu moja: kifo kinakata mazungumzo, na kinachobaki ni kile kilichoandikwa.

Je, lazima tukubaliane nao?

Hapa binti zetu waliozaliwa Uswidi wana haki ya kuuliza. Wosia wa Mwana Kupona juu ya kumtii na kumhudumia mume, kwa msichana anayesoma gymnasium hapa, unaweza kumfanya afunge kitabu. Hatuoni faida ya kumlazimisha aukubali, wala ya kuuficha. Mwana Kupona alikuwa mwanamke aliyejua kuandika, mjane wa mtawala aliyepigana vita kwa miaka mingi, akifikiri jinsi binti yake atakavyoishi salama bila yeye. Alimpa silaha alizokuwa nazo. Binti wa leo anaweza kuzikataa silaha hizo na bado akaulizwa: mama yako angepewa wino na karatasi leo, angekuandikia nini?

Hali kadhalika jiwe la Ragnvald. Aliuza upanga wake kwa mfalme wa kigeni, na si lazima tuipende kazi hiyo ndipo tumwelewe. Kupata faida katika kazi ya kale si kukubaliana nayo kila neno. Ni kukaa nayo kama tunavyokaa na bibi: tunamsikiliza, tunabishana naye kimoyomoyo, na tukiondoka tunajikuta tunatumia maneno yake.

Asiye na lugha hasomi

Kuna jambo jingine linalofananisha maandishi haya, na ndilo linalotutia wasiwasi zaidi. Runi za zama za Waviking zilikuwa 16 tu, na sauti za lugha yao zilikuwa nyingi kuliko hizo. Alama moja ilisimama kwa k na g, nyingine kwa t na d, nyingine kwa b na p. Alama ya u ilibeba pia o, na ya i ilibeba e. Neno lao la Mungu, ambalo lilianza kwa g, mara nyingi liliandikwa kwa alama ya k.

Wazee wetu walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walikuwa na tatizo hilo hilo. Herufi za Kiarabu hazina p, wala ch, wala v, na irabu zake tatu zilitumika kwa tano zetu: i ikabeba e, na u ikabeba o. Neno moja lililoandikwa kwa herufi ya ba liliweza kusomwa bata, pata, au mbata. Aliyejua Kiswahili alisoma bila shida, kwani maana ya sentensi ilimwongoza. Asiyejua Kiswahili, hata angekuwa hodari wa herufi, alikwama.

Maana yake ni kwamba maandishi hayo hayakukamilika yenyewe. Nusu yake ilikuwa kwenye karatasi au jiwe, na nusu nyingine ilikuwa kinywani mwa msomaji. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu 1840, yametufikia kwa sababu watu waliendelea kuyakumbuka, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki 1890, alipoyakusanya na kumfafanulia mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor. Kitabu chake kilichapishwa 1940 na William Hichens. Pasingekuwepo mwalimu aliyeyajua kwa ulimi, karatasi peke yake zisingetosha.

Waswidi nao walikaribia kuyapoteza ya kwao. Kwa karne nyingi mawe ya runi yalivunjwa, yakatiwa katika kuta za makanisa, yakawa vizingiti vya milango na mawe ya madaraja. Mwishoni mwa karne ya 16 Johannes Bureus alianza kuzunguka nchini akiyachora na kuyasoma, na mwaka 1611 akatoa kitabu cha kujifunzia kusoma chenye runi ndani yake. Alifaulu kwa sababu lugha ya mawe, ingawa ilikuwa imebadilika, ilikuwa bado inazungumzwa.

Watoto wetu wengi wanakielewa Kiswahili lakini wanajibu kwa Kiswidi. Wao wakiwa wazazi, nani atasoma barua za bibi? Kwa kanuni za shule za msingi hapa, manispaa inawajibika kupanga masomo ya lugha ya mama wakipatikana wanafunzi wasiopungua 5 wanaoyataka na mwalimu anayefaa, mradi mtoto awe na ujuzi wa msingi wa lugha hiyo na aitumie kila siku nyumbani. Watoto watano si wengi. Ila sharti la kuitumia nyumbani hakuna ofisi itakayotutimizia.

Miaka 25

Tulisema mwanzoni kwamba swali la Ragnvald na Ingrid ni letu sasa hivi. Kizazi cha kwanza cha watu wetu waliokuja huku kinazeeka. Kila anapofariki mmoja, tunakaa na kuulizana: tumrudishe nyumbani au tumzike hapa? Wapo wanaosema lazima alale na wazee wake, na tunachanga. Wapo wanaosema watoto na wajukuu wako hapa, sasa kaburi la mbali atalizuru nani? Pande zote mbili zina haki, na hatutaki kuamua kwa niaba ya familia yoyote.

Tunataka tu kukumbusha jambo moja la kisheria. Sisi sote tunaofanya kazi na kuandikishwa hapa tunalipa ada ya mazishi kupitia kodi, kila mtu na dini yake. Ndani ya ada hiyo mna haki ya sehemu ya kaburi kwa miaka 25. Baada ya hapo wenye haki wanaulizwa kama wanataka kuendelea, nao hulipia. Wasipojitokeza, sehemu hiyo hurudi kwa wasimamizi wa makaburi, na jiwe lililokuwa na jina linaweza kuondolewa.

Jiwe la Fastvi limedumu zaidi ya miaka 900. Letu lina miaka 25, kisha linahitaji mtu wa kujibu barua. Na aliyezikwa nyumbani naye, kama wajukuu zake hawajui jina la kijiji, hana tofauti kubwa na aliyeondolewa jiwe.

Kwa hiyo tunapendekeza kazi ndogo kwa kila nyumba. Chukueni karatasi moja, muandike kwa Kiswahili, kwa mwandiko unaosomeka. Andikeni jina la mama au baba aliyefariki, na nasaba yake kwa kadiri mnavyoijua. Andikeni alizaliwa wapi, alifia wapi na mwaka gani, na amezikwa wapi. Upande wa pili, kama alivyofanya Ragnvald, aliyeandika ajitaje mwenyewe kwa mistari miwili: alikuwa wapi, na alifanya kazi gani huko. Msione haya kuandika usafi, uuguzi, udereva wa basi au kazi ya bohari.

Watoto wasaidie kuandika, hata kama tahajia itapinda. Karatasi moja ibaki nyumbani, na nakala ipelekwe kwa ndugu kule kwetu. Na siku ya hewa nzuri, wachukueni watoto mpaka Ed na Runby, muwaonyeshe mawe hayo mawili na kuwaeleza kwa Kiswahili yanasema nini. Njia ya Ed ni ya kutembea kwa miguu. Mvae viatu vya kufaa, kwani udongo huwa na matope hata wakati wa kiangazi.